Kadi Mbili za Mtoto wa Yunis

Jumatatu tarehe 4 Februari 1974, Efrazia Shemdolwa alitia saini kitabu cha wafanyakazi wa kituo cha tiba cha Kwezinga, safu ya makarani, mstari wa saba. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaolewa, ametoka Tanga kwenye mafunzo ya miezi sita ya kutunza kumbukumbu. Alikabidhiwa droo ishirini na nne za mbao zenye kadi za wagonjwa elfu tisa.

Zilikuwa na matatizo ya kawaida. Ukungu wa milimani ulizivimbisha mpaka droo hazifungi, kwa hiyo akaweka jiko la mkaa pembeni na kuzianika kwa zamu. Wauguzi walirudisha kadi popote mkono ulipofika, kwa hiyo akawazuia wasiingie. Kadi ikitolewa, aliacha kipande cha boksi mahali pake, kimeandikwa nani kaichukua. Kufikia Juni mgonjwa alitaja jina na kadi ikatoka kabla hajamaliza kukohoa. Bwana Hezekia, mganga wa kituo, alisema hajapata kuona karani kama huyu.

Alhamisi tarehe 19 Septemba, Yunis alifika dirishani kutoka kijiji kipya cha ujamaa cha bondeni, mtoto mgongoni anachemka homa.

"Jina la mtoto?"

"Babu."

"Babu wa miaka miwili?" Foleni ikacheka. "Ameacha wajukuu wangapi nyumbani?"

"Sisi twamwita hivyo, dada. Lile lingine mimi silitaji. Lakini kadi yake ipo. Baba yake alimleta mwaka jana, akaambiwa yote yameandikwa."

Efrazia akavuta droo ya B. Hamna. Akapekua mara ya pili, maana alikuwa mtu makini, kisha akachukua kadi mpya na kuandika *Babu Paskali*. Nyuma walikuwa watu arobaini.

Mtoto alichomwa penisilini saa nne na robo. Saa tano kasoro alikuwa amekufa.

Siku ya tano Paskali, baba yake, alikuja kuomba karatasi ya kifo. Alitaja jina bila kuinua macho: Rubeni Paskali. Efrazia akavuta droo ya R. Kadi ilikuwa pale, mahali pake hasa, safi, haijapinda. Juu kulikuwa na mstari wa wino mwekundu: *Asipewe penisilini. Alivimba, nusura afe.*

Hakulia. Alimwandikia Paskali karatasi yake, akafunga dirisha, akaanza kutafuta kosa lilipoingilia. Droo haikukosewa. Muuguzi hakukosea, alifuata kadi aliyopewa. Kosa lilikuwa dirishani. Mtoto amepewa jina la baba wa Paskali, na mke hatamki jina la mkwe wake hata linapobebwa na mwanawe. Kila mwanamke katika foleni ile alilijua hilo. Efrazia naye alilijua tangu utotoni, ila Tanga alifundishwa jina moja, kadi moja, na hakuwa na mkwe wa kumkumbusha.

Kwa wiki mbili alilinganisha kadi moja moja kwa jina la baba, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Katika droo ishirini na moja alipata watoto sitini na mmoja wenye kadi mbili.

"Ziunganishe," alisema Bwana Hezekia. "Na hizo za yule marehemu, iache moja. Ile nyingine itie jikoni."

"Ipi, Bwana Hezekia?"

Bwana Hezekia alirudi kwa wagonjwa wake.

Nyumbani kwa mkwewe, wakati huo, Yunis alikuwa hali chakula na wenzake. Walisema amemuua mtoto kwa ulimi uliokataa kusema, na mawifi walikuwa wakisema hayo hayo ingawa wao ndio waliomfundisha kutotaja. Wazee walikaa Jumapili ili wamrudishe kwao Gare, peke yake. Binti yake wa miaka mitano angebaki.

Jumapili hiyo hiyo, aliposikia hayo, Efrazia aliteremka bondeni na kadi zote mbili ndani ya kanga. Alimwamkia mzee Rubeni, baba wa Paskali, akazilaza mbele yake.

"Shikamoo, baba. Mkweo aliniambia lipo jina lingine, na kwamba kadi ipo. Mimi sikuuliza. Nilifanya mzaha, watu wakacheka."

Mzee alizishika muda mrefu. Hakujua kusoma. Paskali alimsomea mstari mwekundu.

"Ungemwita mwenzake wa foleni akutajie," alisema mzee.

"Ndiyo, baba."

Hapo Yunis, aliyekuwa kakaa mlangoni amewapa kisogo, akasema kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia: "Au ungenipa kalamu. Kisomo cha watu wazima nimemaliza. Kutaja ndiko tumekatazwa. Kuandika hakuna aliyenikataza."

Mzee Rubeni alitoka nje, akasimama uwanjani, hakurudi mpaka mgeni alipokuwa ameondoka.

Wazee waliamua kwamba Yunis hana kosa na anaweza kukaa. Yeye alisema hawezi. Alimwomba mkwewe binti yake, akapewa.

Kesho yake Efrazia alifunga penseli kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, na bunda la karatasi chini yake. Akampelekea Bwana Hezekia kadi zote mbili pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu kosa la dirishani. Barua ya kumwondoa dirishani ilikuja Ijumaa.

Jumatano iliyofuata Yunis alipanda basi la Gare na binti yake. Mwezi ulipoanza Efrazia alihamia chumba cha kufulia mashuka. Droo tatu alikuwa hajazilinganisha.