Mpigaji Aliyeomba Asitajwe

Sitakulazimisha uniamini. Mama yangu mzazi hakuniamini, na yule huamini hata ndoto za majirani. Lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, nimeshiba na akili zangu timamu.

Miaka ile Warundi walikuwa wanavuka kwa wingi. Wengi walifikia Kagunga, kule mpakani, kisha wakaletwa mjini Kigoma na kupelekwa makambini. Wenye ndugu huku walibaki kimyakimya. Ndipo shirika moja dogo likakodi nyumba Kasingirima, likaweka simu mbili, likatangaza redioni kwamba yeyote aliyelemewa moyoni apige, hataulizwa jina wala kutozwa kitu. Mimi ni mtu wa Ujiji, mama yangu Muha, Kirundi nakisikia vizuri. Wakanichukua niwe msikilizaji.

Mtaani walinicheka, eti nalipwa kwa kutega sikio. Waache wacheke. Tulikuwa na sheria moja kubwa: alichosema mpigaji hakitoki. Humwambii mumeo, humwambii shehe wala padri, na zaidi ya yote humwambii mpigaji mwingine. Maisha ya mtu yakiwa hatarini tu, ndipo unamwita mwenzako asaidie.

Basi siku hiyo nilikuwa nimetoka kusali adhuhuri, simu ikaita. Mwanamume. Akanisalimu kwa Kirundi, "Amahoro, mama," kisha akaendelea kwa Kiswahili cha Bujumbura. Kitu cha kwanza nilichokiona si cha kawaida ni utulivu. Kila anayetupigia huja na kelele zake: pikipiki, watoto, jogoo, upepo wa ziwani. Huyu nyuma yake hapakuwa na kitu kabisa.

"Niko napiga juu ya bibi yangu," akasema.

Akanieleza kwamba mkewe yuko Kibirizi kwa shangazi yake, anaanika dagaa, na siku hizi hali chakula. Kila jioni anapika ugali wa muhogo, anamtengea yeye mumewe, kichwa cha samaki anakiweka juu kwa kuwa ndicho anachokipenda. Kisha anakaa kukilinda chakula hicho mpaka kunakucha, na asubuhi anawapa kuku. Yeye mwenyewe hagusi. Anakonda, anakwisha.

Nikamuuliza, sasa baba, kwa nini huendi ukala? Akacheka kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kutoa habari mbaya. Akasema hawezi kufika. Wala kuondoka hawezi, maana bado anangojwa.

"Atapiga kwenu," akasema. "Umuulize kama walishafanya guca ku mazi. Lakini usiseme ni mimi. Akijua bado naweza kusema naye, atanifuata."

Guca ku mazi, kama hujui, ni desturi ya Warundi. Baada ya maziko ndugu hukutana, wakaoga maji ya msiba, wakanywa pamoja, na hapo mfiwa anaruhusiwa kurudi kwenye kazi zake na maisha yake. Nikashtuka. Msiba wa nani? Nilipomuuliza, simu ilikuwa imeshakatika. Nikatazama namba yake. Haikuwapo. Simu ya mwisho iliyoonekana ilikuwa ya asubuhi, ya mtu mwingine ambaye habari zake sitakwambia.

Niliogopa? Hapana, bado. Nilisema moyoni ni mtandao tu, si unaujua mtandao wetu wa Kigoma.

Kesho yake alasiri akapiga mwanamke. Upepo ulivuma kwenye simu na mawimbi niliyasikia karibu sana. Akasema bwana yake alianguka majini walipokuwa wakitoka Kagunga kwa boti, na mwili haukuonekana. Watu walikuja kumpa pole akawafukuza. Nani aliyewaambia amekufa? Lakini sasa amechoka kungoja, na amekuja ziwani amfuate huko huko aliko.

"Hata kichwa cha samaki hakigusi," akasema.

Wallahi, nywele zilinisimama. Nikampungia mwenzangu mkono, nikamwandikia karatasini "Kibirizi, ziwani", naye kwa simu ya pili akampigia mama mmoja wa shirika letu aliyeishi Kibirizi, akimbie ufukweni.

Sasa nikuulize wewe, ungefanyaje? Nikimwambia mumewe amenipigia jana, ni kama nimemsukuma majini kwa mkono wangu. Nikinyamaza, anakwenda. Na ile sheria yetu, inamfunga mtu hata kwa siri ya marehemu? Kwenye semina hatukufundishwa hilo. Nikaamua kwamba mpigaji ni mpigaji.

Nikamuuliza taratibu, "Mama, mlishafanya guca ku mazi?"

Nikasikia mawimbi tu.

"Bila maiti?" akasema mwisho. "Tutaoga vipi bila maiti?"

Nikamwambia mimi sijui, ila shangazi yake huenda anajua, na wazee wa kwao waliovuka nao. Amuulize kwanza. Hapo akalia. Alilia kilio cha msiba, kile ambacho siku zote alikuwa amekizuia, nami nikalia naye ingawa tumekatazwa. Tulikuwa bado tunalia niliposikia sauti ya yule mama wa kwetu ikisema, "Pole, mwanangu, njoo." Nilikuja kuambiwa kwamba maji yalikuwa yameshamfika kiunoni.

Msiba ukakaliwa. Wakaoga. Mimi sikwenda, hatuonani na wapigaji.

Miezi mingi baadaye akapiga tena, sauti yake nikaijua mara moja. Alikuwa anakula, amerudi kwenye dagaa. Akaniambia naweza kuwasimulia watu habari yake, wapo wengine walioachwa kama yeye. Kisha akauliza, "Mimi sikukutajia Kibirizi. Ni yeye aliyekupigia?"

"Mama, hapa hatusemi nani amepiga."

Akacheka. "Basi akipiga tena, umwambie tulishaoga."

Hajapiga tena. Lakini mpaka leo, nikipokea simu isiyo na kelele yoyote nyuma yake, nakaa nayo sikioni. Sikati. Nasubiri mpaka mtu aseme.

Nawe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu anamlindia chakula asiyerudi, usimcheke wala usimwache peke yake. Kaa naye, ule naye, umpe nafasi ya kulia. Na kama mtu huyo ni wewe, piga simu mapema, upige mwenyewe. Usimwachie marehemu wako kazi hiyo.