Namba Yangu kwenye Orodha ya Bunduki

Mimi sina bunduki. Nasema mapema kwa sababu kuna watu hapa Lodwar, na wengine sijui wako wapi, wanaoamini ninazo tatu.

Kijana wangu wa pili ni askari wa akiba, wale tunaita homgadi. Serikali ilimpa bunduki alinde mifugo huko malishoni, mbele ya Kakuma. Yeye na wenzake wawili wanalinda kundi moja la familia zinazohama pamoja. Halafu serikali ikataka bunduki zake ziandikishwe upya. Wakaenda Kakuma, wakapanga foleni juani. Karani akauliza jina, namba ya bunduki, mahali mifugo inalala, na namba ya simu.

Sasa simu ya mchungaji ni ya kazi gani? Anayo, ndiyo, lakini imezima wiki tatu, na huko netiwaki hakuna. Kwetu kijana wa malishoni akiulizwa simu anatoa ya mamake aliye mjini. Hata hospitali tunafanya hivyo. Kijana wangu akatoa yangu. Mwenzake, ambaye mamake alishafariki, akatoa yangu. Wa tatu akaona aibu kubaki bila, naye akatoa yangu. Sikuwazaa wote, lakini wote wamekula kwangu.

Ile orodha ikabandikwa ukutani nje ya ofisi. Mtu akaipiga picha, akaituma. Nilijua kwa Msomali mwenye duka, pale ninapoacha vikapu vyangu viuzwe.

"Mama, hii si namba yako?"

"Si unayo? Unaniuliza nini?"

"Iko hapa mara tatu. Na bunduki tatu."

"Wewe uza sukari."

"Nauza, mama. Lakini kuanzia leo nitakusalimia vizuri, usije ukanipiga risasi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini tarakimu nazijua, na zile zilikuwa zangu.

Wa kwanza kupiga alitoka Lokichar. Alitaka risasi. Nikamwambia nina vikapu. Wa pili alinitusi, akaniita mama wa majambazi. Huyo nilimrudishia matusi yake yote na mengine juu. Wa tatu ndiye aliyeninyima usingizi, na alikuwa na adabu kuliko wote.

"Ejok, mama."

"Ejok."

Salamu yetu aliijua. Akauliza afya, akauliza mvua. Kisha: "Vijana wamehamia upande gani? Na wale wa ng'ambo ya mto mkavu, nasikia hawana kitu?"

Kwetu mtu akiuliza malisho huanza kujitambulisha: ni wa nyumba gani, mifugo yake ina alama gani. Huyu hakusema. Na aliposema hawana kitu, niliketi chini. Familia za ng'ambo hazikuwa kwenye karatasi, maana hazina homgadi. Yeye aliisoma karatasi pande zote mbili: walioandikwa na wasioandikwa. Serikali ilikuwa imemwonyesha mwizi nani wa kuvizia kwanza na nani wa kuchukuliwa mifugo bila jasho.

Nikaenda Kakuma. Ofisini nikamkuta afisa kijana, mtu wa bara, si wa kwetu. Akaanza na Kiingereza. Nikamwambia aongee lugha ya watu.

"Shosho, huu ni uwazi. Wananchi wajue bunduki ya serikali iko kwa nani."

"Mimi si nyanya yako uniite shosho. Na bunduki yako wewe, unaiweka wapi ukilala?"

"Hiyo ni siri ya kazi."

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Yeye akanyanyuka, akaibandua karatasi akiwa amekunja uso.

"Haya, imetoka."

"Na kwenye simu za watu?"

Akaangalia kompyuta yake.

Kijana wangu alikuwa ameleta mbuzi sokoni siku hiyo. Nikamkuta kivulini nyuma ya mazizi. Nikamwambia airudishe bunduki leo leo.

"Nikiirudisha, mama, karatasi bado inasema ninayo. Watakuja wengi kwa kuiogopa, halafu wanikute na fimbo."

Ni kweli.

"Basi hameni."

"Tunahama. Kesho kutwa tunaelekea..."

"Nyamaza!"

Akashtuka. Nikamwambia asiniambie, wala asimtume mtu aniambie. Kwetu mama anayekataa kujua boma la mwanawe ni mama mwenye laana mdomoni. Akaniangalia hivyo hivyo.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Ulikosea kugawa namba yangu kama tumbaku. Lakini si hiyo. Nisichojua hakiwezi kunitoka."

Akaondoka bila kuniaga sawasawa. Sikumwita.

Jirani yangu ananiambia nitupe laini. Nitaitupaje? Ndiyo namba pekee ambayo kijana wangu anaijua kwa kichwa. Siku akiazima simu ya mtu apate kusema yuko hai, atapiga hiyo. Kwa hiyo naibeba hata nikienda chooni, na kila ikilia naitazama kwanza, maana sijui ni yeye au ni wao.

Yule mwenye adabu alipiga tena.

"Vijana wako wapi, mama?"

"Sijui."

"Mama gani asiyejua mtoto wake alipo?"

Nikakata. Lilikuwa swali zuri.

Juzi mwenye lori alisema pale dukani kwamba kundi moja limevamiwa upande wa kaskazini. Nikamuuliza kaskazini ya wapi. Hakujua. Nikamuuliza mifugo ilikuwa na alama gani. Hakujua. Nikaweka vikapu chini nikapiga simu ya kijana wangu. Imezimwa. Nikapiga tena. Kama ningekuwa mama wa kawaida ningempandisha mtu pikipiki, nimwambie nenda mahali fulani ukaniangalilie. Sasa nimtume wapi?