Matawi Kumi na Mawili ya Mwarobaini

Jamani, anayetaka kunicheka acheke sasa hivi, maana huko mbele mwenyewe nikifika huwa sicheki, naona aibu mpaka leo na mvi zote hizi.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa fundi cherehani barazani Kariakoo, na mtaa wetu tulikuwa tunajitolea kila Jumapili kujenga, pale juu ya bonde la Jangwani (upande ambao mafuriko hayafiki), mahali pa kupumzikia familia zenye watoto mahututi, wale waliotoka mikoani wakawa wanalala kwenye varanda za hospitali. Tulijenga banda la makuti na mabenchi, ikabaki miti tu, ili mtoto akitolewa wodini kidogo aone kijani, asikie ndege. Kila mtoto aliahidiwa mche wake. Na mimi, kimbelembele wa mikutano, nikadakia, "Miche niachieni mimi!"

Jumamosi nikaazima mkokoteni kwenda kuichukua kwenye bustani ya miche ya serikali, njiani nikakuta watu wanamiminika uwanjani kwenye mechi, nikasema naangalia kipindi cha kwanza tu (kipindi cha kwanza! mimi!), nikaja kushtuka mpira umekwisha, na bustani nikakuta kufuli.

Kesho yake ndiyo ufunguzi, mgeni rasmi kutoka mkoani anafika saa nne. Ningesema ukweli, Mzee Salehe, katibu wetu wa tawi, angenifokea mbele ya watu na yakaisha. Sikusema. Asubuhi na mapema nikashika panga, nikakata matawi kumi na mawili ya mwarobaini, nikayachomeka kwenye mashimo, nikashindilia udongo, nikamwagia maji, nikajiambia wiki ijayo nitabadilisha, nani atajua? Wallahi yalipendeza kuliko miche yenyewe.

Watoto wakaletwa. Kulikuwa na Rukia, wa miaka saba hivi, mgonjwa wa moyo, miguu imemvimba, mama yake kambeba mgongoni.

"Shikamoo, fundi. Wangu upi?"

"Marahaba, mwanangu. Ule pale wa mwisho."

Mama yake akaninong'oneza, "Fundi, Mungu akulipe. Huyu uji alikuwa haugusi. Siku hizi namwambia kunywa upate nguvu ya kumwagilia mti wako, anakunywa kikombe kizima."

Nikafungua kinywa niseme, mgeni rasmi akawa ameshaanza kunisifu kwa jina, nimesimamishwa, napigiwa makofi, nami (mpumbavu!) nikapunga mkono.

Rukia akamwagilia, amekaa chini. Alipotaka kunyanyuka akaushika mti wake, ukachomoka wote, akaanguka chali, kashika tawi lenye ncha iliyokatwa kwa panga. Mtu mmoja akacheka. Mgeni rasmi akavuta la jirani, likatoka. Akavuta la tatu. Makofi yakafa.

"Fundi," Mzee Salehe akasema polepole, "hii nini?"

Rukia wala hakulia, aliligeuza lile tawi akalitazama ile ncha ya chini. "Mama, halina mizizi."

Mama yake akambeba. Alipopita mbele yangu akasimama. "Mimi mwanangu nimemdanganya mengi, fundi. Nimemwambia tutarudi Lindi, nimemwambia sindano haziumi. Hili peke yake nilijua ni kweli."

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa bustani kabla hawajafungua. Nikapeleka mche wodini, kwenye kopo la mafuta. Rukia alikuwa amelala, uji umepoa pembeni, haujaguswa. Aliutazama mche, akanitazama mimi.

"Ung'oe," akasema.

"Utakufa, mwanangu."

"Ung'oe nione."

Nikaung'oa, wagonjwa na manesi wote wananitazama, udongo unamwagika sakafuni. Akaishika mizizi kidole kwa kidole, taratibu, kama anayeihesabu. Kisha akasema, "Haya, urudishe," akageukia ukutani. Uji hakuugusa.

Niliupanda jioni ileile. Hakuja kuuona. Wiki ya pili mama yake alirudi Lindi peke yake, na mimi hata kwenda kumpa pole nilishindwa, nilijificha nyuma ya cherehani alipopita.

Tangu siku hiyo kazi nikishindwa nasema nimeshindwa, hata mbele ya mkutano mzima, watu wanizomee watakavyo. Kuzomewa kunapita. Lile jicho la Rukia, akinitaka niung'oe mche kwanza ndipo aniamini, halijapita.