Lori Lililokatwa Usukani

Bi Plaizi hakuitwa hivyo kwa utani mtupu. Miaka arobaini na mitano alikuwa fundi bati, akikunja ndoo, faneli na mifereji ya mvua kibandani kwake, na plaizi haikutoka mfukoni mwa aproni hata siku ya kuonana na wakubwa. Ilikuwa humo humo siku aliyokwenda jumba la makumbusho kuliona lori la kaka yake.

Lori hilo la kuchezea walilitengeneza wao wawili, Bi Plaizi akiwa na miaka tisa. Waya wa ua, magurudumu ya ndala chakavu, na fimbo ndefu ya waya iliyopanda hadi kifuani, juu yake usukani. Kaka aliuzungushia usukani mpira wa tyubu ya baiskeli, na vidole vyake vikaacha vibonyeo. Alifariki kijana, na picha yake haipo hata moja. Vibonyeo vile ndivyo dada mtu alivyobakiwa navyo, na ofisa wa maonyesho alimbembeleza wiki nzima ndipo akakubali kuwaazima.

"Karibu sana, mama," ofisa alisema. Shati lake lilikuwa limenyooka kuliko maelezo yake. Akamtembeza kwenye michezo ya watoto toka zamani: gari la udongo, kisha ndege ya mabua, ambayo pangaboi lake huzunguka mtoto akikimbia, nao wameligundisha lisizunguke. Mwisho gari la plastiki la betri, likizunguka na kuwaka taa.

"Hili linacheza lenyewe," Bi Plaizi alisema. "Mtoto kazi yake nini, kulipigia makofi?"

Ndipo akaliona lori, ndani ya sanduku la kioo. Fimbo ilikuwa imekatwa karibu na boneti, na mbele wamefunga kamba nyekundu. Kibandiko kilisema: Chombo cha kuvutwa kwa kamba.

"Fimbo iko wapi?"

"Ule waya? Haukuenea kwenye sanduku, mama. Wataalamu walikaa kikao, tukaukata."

"Wataalamu wangapi?"

"Sita."

"Watu wazima sita, mmesoma mpaka macho yamechoka, hamna hata mmoja anayejua gari linaendeshwa kwa usukani. Utotoni mlicheza nini nyie, vikao?"

Ofisa akacheka kicheko cha kujipooza.

"Na usukani mmetupa?"

"Upo stoo. Nadhani."

Hiyo "nadhani" ilimkata maini. Alimfuata hadi stoo. Fimbo waliikuta imeegemezwa dirishani, kulizuia lisijifunge, usukani ungali juu yake. Bi Plaizi aliweka vidole kwenye vibonyeo, kimoja kimoja, akalia wala hakujificha.

Kisha akarudi nayo ukumbini. "Fungua."

"Utaratibu unataka barua, mama."

"Basi andika. Mimi nafungua," na plaizi ikatoka mfukoni. Ofisa akatafuta ufunguo haraka.

Aliketi sakafuni, miguu kainyoosha, akasokota waya na waya mpaka zikashikana. Kamba nyekundu akaifungua. Fimbo ilikuwa imepungua urefu, kwa hiyo aliliendesha lori ameinama, akilipita gari la betri bila kuligeuzia uso. Mlangoni akakata kona kulia, na magurudumu ya ndala yakamtii.

Kwenye sanduku tupu kibandiko kilibaki palepale. Kamba aliwaachia, wavute wenyewe.