Siku Vidosava Alipokaa

Vidosava Prokić aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi tangu usichana wake hadi kiwanda kilipouzwa, kikafungwa, na mashine zake zikasombwa kwa malori kwenda kusikojulikana. Mkurugenzi aliyekiuza alijijengea ghorofa huko juu mlimani penye hewa safi. Vidosava alipewa saa ya ukutani na cheti cha shukrani. Saa iligoma kabla ya Krismasi, na cheti anakifunikia mtungi wa pilipili.

Kwa hiyo alipogongewa mlango na Ognjen, kijana wa Belgrade mwenye ndevu za kuhesabika na koti jeusi la kufika magotini, hakushtuka kama alivyotarajiwa. Ognjen alikuwa anatafuta jiko la kuni la kupigia filamu. Akaeleza, huku akimwangalia kwa pembe ya jicho, kwamba ni habari za mpishi wa kiwanda anayemchinja mkurugenzi wake, anamsaga, anamviringisha kwenye majani ya kabichi na kuwaandalia wageni kama sarma.

"Mnene au mwembamba?" akauliza Vidosava.

"Nani, mama?"

"Huyo mkurugenzi. Mwembamba hafai kwa sarma, mwanangu. Inakuwa kavu."

Mwigizaji aliyepangiwa nafasi ya mpishi alikuwa amesoma mswada na kugundua ghafla kwamba ana maumivu ya mgongo. Vidosava, ambaye mgongo ulimuuma kweli, akaichukua nafasi hiyo, na kusema kweli aliifanya kwa moyo mweupe. Damu ya wapiga filamu ilikuwa sharubati ya cheri, nyekundu kama rangi ya mdomo. Akawaambia wazi kwamba mji mzima huu unachinja nguruwe kila mwaka na watawacheka, kisha akaitia jamu ya plamu mpaka ikakolea ipasavyo. Mwigizaji wa mkurugenzi alikuwa mtu mpole sana. Kila akishamkata kichwa, Vidosava alimpa kipande cha pai ya jibini na kumsihi ale, maana amekonda.

Balaa lilianza na onyesho la mwisho. Mpishi anasherehekea slava, siku ya mtakatifu wa ukoo wake, na wageni wanajilia mkurugenzi bila kujua. Sasa, mwenye slava hakai. Tangu mshumaa uwashwe asubuhi mpaka mgeni wa mwisho avae kofia yake, yeye yuko wima: anamimina, anagawa, anaondoa sahani. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mswada nao ulimtaka Vidosava asimame katikati ya wageni na kucheka kicheko cha kishetani. Akasimama, akacheka. Wakarudia. Taa ikazimika, wakarudia. Mgeni mmoja akapiga chafya, wakarudia. Hatimaye magoti yakamkatalia. Akavuta kiti, akakaa, akajifuta uso kwa aproni na kushusha pumzi ndefu, kamera bado inaendelea.

Ognjen alikaribia kulia kwa furaha. "Hiyo hiyo, mama. Usiguse kitu."

Filamu ilipoletwa kwenye Nyumba ya Utamaduni, watu walijaa mpaka ngazini, mifuko imejaa mbegu za maboga. Kichwa kikakatwa, wakatafuna. Utumbo ukamwagika mezani, mzee mmoja akasema rangi imekolea vizuri. Kisha Vidosava akakaa.

Mbegu zikakoma kutafunwa. "Amekaa," akanong'ona mtu gizani. "Kwenye slava," akadakia mwingine. Kutoka safu ya pili akainuka Miladin, kofia ya manyoya mkononi, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Miladin si mtu wa kupita tu. Ndiye aliyemsimamia marehemu Dragutin siku alipomwoa Vidosava, na kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu wa damu. Kila slava ndiye wa kwanza kuonja ngano ya kuchemsha, kila slava anakaa kiti kile kile karibu na dirisha. Dragutin alipofariki, na mtoto wao keshahamia Vienna na kuoa huko, ni Miladin aliyemwambia Vidosava kwamba mshumaa wa slava ukiwashwa, nyumba ya Dragutin bado ipo. Sasa kampa mgongo mbele ya watu wote.

Ognjen naye, bila kujua moto umeshawaka, akapanda jukwaani kueleza. Kijana alikuwa na mdomo. Alisema filamu ya kushtua ni kioo cha jamii. Mpishi ni dola, mkurugenzi ni mtaji, wageni ni sisi tunaokula bila kuuliza, na kabichi ni Ulaya.

"Na lile jiwe la kukandamizia kabichi kwenye pipa?" akauliza tarishi wa mji.

Ognjen akafikiri. "Jiwe ni jiwe."

Zagorka, jirani wa Vidosava, akainua mkono. "Kijana, mimi sina neno na kichwa. Kichwa kimekatwa safi. Ila mbona alikaa?"

"Hilo lilitokea tu, mama. Halikuwa kwenye mswada."

Zagorka akawageukia watu. "Mmesikia? Hayo mengine yote ana maelezo yake."

Siku ya Mtakatifu Dimitri ikaanza kukaribia, ndiyo slava ya akina Prokić, na Vidosava akawa hali wala halali. Tatizo ni kwamba slava haina mialiko. Anayekuja anakuja kwa sababu anajua. Ukimwalika umemtukana, umemwambia usoni kwamba amesahau. Angemwendea vipi Miladin? Alichoweza ni kwenda kununua kabichi akipitia mbele ya geti lake, ingawa soko liko upande wa pili kabisa. Alipofika hapo akatua kikapu, akakohoa, akasema kwa sauti kwamba mwaka huu kabichi ni nzito. Miladin alikuwa uani anachambua misumari. Akatazama paa lake kwa makini, kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akaingia ndani.

Usiku wa kuamkia sikukuu Vidosava aliviringisha sarma huku mawazo yako kwingine. Miladin asipokuja, Dragutin atakuwa amezikwa mara ya pili, na safari hii mwenye koleo ni Vidosava mwenyewe, kwa ajili ya filamu ya mtoto asiyejua hata kufunga vifungo vya koti lake.

Asubuhi padri akaja kukata mkate wa slava. Alipomaliza sala akasogea karibu, akashusha sauti. "Vidosava, ile nyama kwenye filamu..."

"Nguruwe, padri."

"Najua, najua. Nauliza kwa niaba ya wengine."

Wakaja wengine hao, kwa udadisi au kwa mapenzi, Mungu ndiye ajuaye. Zagorka alipasua sarma yake ya kwanza kwa uma kama anayetafuta pete iliyopotea, akaona watu wanamwona, akaila yote haraka na kutangaza kwamba hajawahi kula tamu kama hii. Tarishi akala tatu, machozi yakamlengalenga, akasema hata mama yake mzazi hakuweza. Wakasifu mpaka Vidosava akaona wanamwonea huruma tu. Kila mlango ulipolia alitazama. Kiti cha karibu na dirisha hakuna aliyethubutu kukigusa.

Mchana akatokea Ognjen, kutoka Belgrade, na ua kwenye chungu. Ngano ya slava aliila kwa kijiko kikubwa kama uji wa hospitali, wala hakupiga ishara ya msalaba. Haikupita muda akaanza tena: hadhira haina budi kutikiswa.

"Sisi tulianza kutikiswa na vita vya miaka ya tisini, kijana," akasema tarishi. "Tungeshukuru kama tungepumzishwa kidogo."

Wakacheka. Vidosava hakucheka. Jua lilikuwa linatua na mshumaa umekwisha zaidi ya nusu. Alishaanza kujiuliza atamwambia nini mtoto wake kwenye simu, ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Miladin na kofia yake ya manyoya.

Miladin akapiga ishara ya msalaba, akaonja ngano, akanywa funda la divai. "Heri ya slava kwa mwenye nyumba."

"Asante, shemeji. Kiti chako hicho hapo."

"Nitasimama."

Kukataa kiti cha msimamizi mbele ya wageni ni kuvunja udugu hadharani.

"Nimeitazama mara tatu," akasema Miladin.

"Umetazama nini?"

"Hiyo takataka yenu. Nimeifuata mpaka mji wa Niš. Ya vichwa nafumba macho, nafumbua ukikaa." Akaizungusha kofia mikononi. "Mara ya kwanza nilidhani nimekasirika kwa sababu umetuaibisha. Mara ya pili nikaona sivyo. Mimi sijawahi kukuona umechoka, shemeji. Tangu Dragutin afariki nimekuwa nakaa pale dirishani, nasema ongeza, unaongeza. Nasema divai, unaleta. Halafu nakuona kwenye filamu umechoka, magoti yamekukatalia, na si uigizaji ule, nakufahamu. Ndiyo nikapata aibu. Sikuweza kuja nikakaa pale tena."

Ognjen akafungua kinywa, bila shaka kusema kwamba hiyo ndiyo maana ya kijamii. Zagorka akamkanyaga mguu chini ya meza.

Miladin akaweka kofia dirishani, akalishika sinia la sarma alilobeba shemeji yake. Vidosava hakuliachia. Wakavutana kidogo katikati ya chumba kama watoto wawili na kigari kimoja.

"Achia, shemeji, watu wanatazama," akasema Vidosava.

"Watazame. Si walilipa kiingilio?"

Akalichukua. Hakujua kugawa, mchuzi ulimfikia padri kwenye mkono wa kanzu, lakini akagawa. Sasa wageni wakawa mtegoni, maana nani atabaki kitini huku msimamizi wa ndoa yuko wima anamhudumia? Tarishi akainuka na sahani yake. Padri akainuka. Zagorka akamvuta Ognjen kwa kola, akainuka naye. Mwishowe nyumba nzima ilikuwa imesimama, uma mkononi, viti vyote vitupu, wote wakimwangalia Vidosava na kujifanya hawamwangalii.

Vidosava alitazama kulia na kushoto. Hapakuwa na sahani ya kuondoa wala glasi ya kujaza. Akavuta kiti cha karibu na dirisha, akakaa. Miladin akamwekea sarma mbili, na ya tatu juu yake.

Akala kipande. Akatafuna polepole, akasimamisha uma.

"Miladin. Hizi zina chumvi."

Tarishi alikuwa anaukagua ukuta.

"Nimetia mara mbili. Jana nilikuwa nakuwaza wewe, ndiyo maana. Chumvi ya kuua ng'ombe." Akawazungushia macho mmoja baada ya mwingine. "Mnakula tangu asubuhi, mnasifu tu. Hata mmoja hakuniambia?"

"Tungeanzaje?" akasema Zagorka. "Tulihofu utadhani tunaisema ile filamu."

Vidosava akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba maji, na watu wanne wakakimbilia jikoni kumletea.