Giaboksi iliyopigiwa kura ikapona: yaliyonikuta Tabora enzi za Ujamaa

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, waliobaki marahaba. Wa kwetu Tabora, mwangaluka.

Nimesoma uzi wa kijana aliyegonga, akanyoosha bampa, akapiga rangi, sasa anauliza kwa nini gari linavuma. Nimecheka peke yangu sebuleni.

Ngoja niwape kisa changu. Chumvi sitii, kilikuja nayo.

Enzi hizo nilikuwa dereva wa Landrova ya kijiji, upande wa Choma. Ilibeba pamba, mbegu na wagonjwa. Zaidi ya vyote ilimbeba Mwenyekiti wa kijiji.

Siku moja tunatoka mkutanoni, akaniamuru nikate mbugani tuwahi mkutano mwingine. Nikamwambia nyasi ni ndefu, chini hatuoni. Akanijibu kwamba dereva wa kijiji hana ruhusa ya kuogopa nyasi.

Tukapanda kisiki.

Bampa lilikunjika kidogo tu. Ila mimi kishindo nilikisikia chini ya miguu yangu.

Kuanzia hapo dalili zikaja mojamoja. Asubuhi nakuta doa la oili chini ya gari, na ya injini nikipima haijapungua. Gia ya pili inachomoka yenyewe, naendesha huku nimeishikilia. Ya tatu haiingii bila kusaga. Ukiongeza mwendo mvumo unapanda, na gari likiwa limesimama, ukikanyaga klachi mvumo unakoma.

(Vijana, hapo andikeni. Hizo dalili hazijabadilika mpaka leo.)

Nilipokwenda Tabora mjini kuchukua mbegu, nikapita Ipuli kwa fundi Sefu. Akaingia uvunguni, akatoka na oili vidoleni. Ndani yake unga wa chuma unang'aa.

"Mwanangu, nyie mnamwosha uso, na huyu kavunjika mbavu."

Akasema giaboksi ina ufa, na raba zinazoishikilia zimekatika. Ifunguliwe, la sivyo itatuacha njiani.

Nikarudi nikatoa taarifa. Kumbe siku nne mbele tunapokea mgeni mkubwa kutoka mkoani. Mwenyekiti akaitisha kamati, ajenda ni moja, afya ya gari.

Hakuna aliyeinama kuangalia chini. Waliizunguka wakiipigapiga ubavuni kama wako mnadani wananunua ng'ombe. Kisha Mwenyekiti akasimama.

"Wanaoona giaboksi ni nzima, wanyooshe mikono."

Ikanyooka yote isipokuwa wangu. Akanigeukia.

"Kumbe mhujumu tunaye humuhumu."

Wakuu, neno hilo wakati ule halikuwa la utani, lilitosha kumfunga mtu. Nilikuwa nimeoa miezi mitatu tu, na kazi ndiyo hiyo. Niliogopa, siwafichi. Nikanyoosha.

Muhtasari ukaandikwa kwamba gari limepona, kwa kauli moja.

Siku ya mgeni Landrova iling'aa, rangi mpya, maua kwenye bampa. Kazi yetu ilikuwa kumpokea njia panda, kisha kumtangulia hadi kijijini, maili mbili. Niliegesha nikitazama upande anaotokea.

Ngoma zikalia, mgeni huyo. Nikaweka gia ya kwanza nigeuze gari. Ikalia krak, kisha kimya. Ya pili hakuna kitu, ya tatu hakuna kitu. Iliyobaki hai ni rivasi peke yake.

Mwenyekiti, aliyeketi kando yangu, akaninong'oneza kwamba tukikwama hapo nitafute kijiji kingine.

Basi nikaweka rivasi. Maili mbili kinyumenyume, shingo nimeipinda, na Mwenyekiti anampungia mgeni mkono ana kwa ana kupitia kioo cha mbele.

Tulipofika, mgeni akauliza haya ni mambo gani. Mwenyekiti hakupepesa jicho.

"Mheshimiwa, huku kwetu mgeni hapewi mgongo."

Mgeni akafurahi mno. Akanishika mkono, akasema mila kama hii isiachwe ife. Kisha akaelekeza tumsindikize hivyohivyo hadi kijiji cha pili.

Maili nane, wakuu.

Maili ya tano rivasi nayo ikatutoka. Moshi, harufu ya kuungua, oili yote mchangani. Mgeni akatupita, akatuachia vumbi.

Kesho yake kamati ikakaa tena. Nilibeba maneno ya fundi Sefu kichwani, nikaomba kuyasema. Nikaambiwa muda hautoshi.

"Wanaoona kosa ni la dereva, wanyooshe mikono."

Ikanyooka yote. Na wangu ulikuwemo.

Nikarudi kulima karanga. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kwa nini nilinyoosha, nikakosa jibu. Ninalitafuta bado, na yeye hayupo tena wa kumpelekea.

Funzo: ukigonga, achana na bampa kwanza. Lala chini, angalia oili, sikiliza gia, na fundi akikwambia mbavu zimevunjika, mwamini. Giaboksi haijui kura.

Uwanja wenu. Aliyewahi kunyoosha mkono huku anajua ukweli aje aseme hapa chini. Sitamcheka.