Bi Kasoro na Cherehani ya Dada Yake

Mtaani walimwita Bi Kasoro, naye hakuwahi kulalamika, kwa sababu jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho. Ujana wake wote uliishia katika kiwanda cha nguo, kwenye meza ya ukaguzi, kitambaa kikipita mbele yake juu ya kioo chenye taa kwa chini, naye chaki mkononi, akizungushia kila uzi uliokatika na kila doa la mafuta. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligombania viti na feni. Yeye aliondoka na macho yake tu, pamoja na tabia ya kugeuza kila kitu upande wa pili kabla ya kukisifu. Ukimkaribisha chai, alipitisha kwanza kidole kwenye ukingo wa kikombe. Wapo waliochukia, na sioni kwa nini wasingechukia.

Baadaye tabia hiyo ndiyo iliyomlisha. Akawa anauza vitu vya watu kwenye mnada wa mtandaoni: wenye navyo wanaleta, yeye anapiga picha, anaandika maelezo, anajibu maswali, anafunga mzigo, anaupeleka posta, na mwisho anakata chake. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza moja dirishani, shuka nyeupe isiyo na maua iliyotundikwa ukutani, na maboksi yaliyopangwa hadi darini. Picha alipiga asubuhi, mwanga ukiwa bado wa upole, na alipiga mgongo wa kitu kabla ya uso. Maelezo yake yalianza na ubaya. "Mpini una ufa. Mlango wa kushoto haufungi mpaka uusukume kwa goti." Uzuri ulifuata baadaye, kwa maneno machache, kama mgeni aliyechelewa.

Wenye mali walishika vichwa. Fundi saa mmoja mstaafu alimwambia usoni kwamba kwa mtindo huo angeuza dhahabu kwa bei ya vyuma chakavu. Saa yake ya ukutani iligombaniwa mpaka dakika ya mwisho. Mnunuzi aliyekwisha ambiwa mabaya yote hana tena cha kuogopa, na mtu asiyeogopa huongeza dau. Fundi saa alirudi kuchukua fedha zake akiwa kanywea, hata chai alikataa.

Bei ya kuanzia aliiweka chini, ili watu wajae, maana hakuna anayependa kuingia dukani peke yake. Mnada aliufunga Jumapili jioni, watu wakiwa wameshakula na simu ziko mikononi. Swali la mnunuzi alilijibu papo hapo, hata kama ni la kijinga, na mengi yalikuwa ya kijinga. Boksi alilitikisa karibu na sikio. Likisema neno, alilifungua akalifunga upya. Na kulikuwa na katazo moja ambalo hakulifanyia mzaha: mwenye mali na ndugu zake hawagusi mnada. Kupandisha bei kwa mlango wa nyuma ni wizi, alisema, na mtandao wenyewe ulikuwa ukifunga kurasa za watu kwa kosa hilo. Ukurasa wake yeye haukuwa na lalamiko hata moja. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia, na hiyo aliisema mpaka majirani wakaikariri.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea, mama yao alipofariki. Alikuwa mshonaji, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alimshonea mdogo wake sare za shule, akamshonea gauni la harusi, na harusi ilipovunjika akalifumua gauni lile, akatoa foronya, bila kuuliza swali hata moja. Siku moja akaja na mchukuzi aliyembebea cherehani yake, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, akaamuru iwekwe mezani.

"Iuze," akasema. "Nimechoka."

"Umechoshwa na nini, Dada? Wateja?"

"Na maswali. Iuze."

Bi Kasoro akaigeuza, akaiinamia. "Ina mkwaruzo hapa, umekata maua yote mpaka kwenye gurudumu."

"Haina."

"Dada, huu hapa. Mrefu kama kidole."

"Mimi ndiye ninayeishonea. Haina mkwaruzo wowote. Wewe hata malaika akishuka utamkagua mabawa."

Bi Kasoro aliandika mkwaruzo. Alisikitika kidogo kuona dada naye kaanza ujanja wa wateja, wa kukana kilicho mbele ya macho. Alipomwonyesha picha kwenye simu, dada alizitupia jicho upesi, akasema zimetoka vizuri sana, hasa hiyo hapo. Hiyo hapo ilikuwa picha ya chini ya cherehani, penye kutu na mafuta yaliyoganda. Bi Kasoro akaichukulia kama kejeli, akanuna mpaka jioni.

Mnada ulikwenda taratibu. Mshona mikoba wa mji mwingine alitaja bei, mwalimu wa ushoni akaipandisha, mshona mikoba akarudi. Ilikuwa bei ya haki kwa cherehani yenye umri ule. Jumapili jioni, mnada ukikaribia kufungwa, akajitokeza mtu mgeni asiye na picha wala nyota za sifa, akataja bei ambayo ingenunua duka zima la cherehani na mwenye duka ndani yake. Mnada ukafungwa. Bi Kasoro alizihesabu sifuri, akazihesabu tena. Kisha mtandao ukamletea anwani ya kupeleka mzigo: nyumba yenye geti la kijani, mkabala na kinyozi. Cherehani ilikuwa imenunuliwa na dada mwenyewe.

Asubuhi kulikuwa na ujumbe mwingine. Mtandao umeona kwamba mnunuzi na muuzaji wana uhusiano. Atoe maelezo kabla ya wiki kuisha, la sivyo ukurasa wake utafungwa. Alivaa viatu bila kunywa chai. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na mengine hayafai kuandikwa.

Dada alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani.

"Umeniua," Bi Kasoro akamwambia kabla hajaketi. "Katazo langu unalijua. Mtaa mzima unalijua. Wewe wa kunifanyia hivi?"

"Nilisikia bei imelala," dada akajibu. "Jirani alinifungulia huo ukurasa wenu. Nikasema niisukume kidogo tu, mshona mikoba aamke."

"Kidogo? Dada, umeisukuma mpaka imetoka nje ya nchi!"

"Basi sifuri moja ilizidi. Kidole kimeteleza. Nani hatelezi?"

"Moja?" Bi Kasoro akamtia simu mkononi. "Hiyo hapo bei yako. Hesabu mwenyewe, uniambie ziko ngapi."

Dada akaishika simu. Akaisogeza karibu na uso, akaielekeza dirishani, akaitazama kwa makini sana, kama mtu anayesoma kweli.

"Ni nyingi," akakubali. "Hapo nimekosa."

"Ngapi?"

Dada aliendelea kuitazama. Bi Kasoro akanyoosha shingo amsaidie, na ndipo alipoona kwamba kioo kilikuwa kimezimika. Simu ilikuwa nyeusi tititi, na dada yake alikuwa akiisoma.

Hasira yote ikamtoka, na mahali pake pakaingia hofu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alikitazama chumba kile kama alivyotazama kitambaa mezani. Mapazia mapya yalikuwa na mshono uliopinda, wa mtu ambaye hakuwahi kupinda mshono maishani. Kwenye mto wa sindano zilisimama sindano, zote zimekwisha tiwa nyuzi na mtu mwingine. Pembe ya meza ilikuwa imeviringishwa kitambaa. Dada mwenyewe alikuwa na jeraha bichi kwenye mfupa wa mguu, chini kidogo ya goti. Vingi kati ya hivyo vilikuwepo siku zote alizokuja, akakaa, akanywa chai, akakosoa kikombe.

"Tangu lini?" akauliza.

"Lini nini?"

"Dada."

Dada akaiweka simu chini, akaipapasa kuhakikisha imekaa. "Kitambo. Daktari anaiita presha ya macho. Kuona kwa pembeni kulikwenda kwanza, sasa na kwa katikati kunafuata. Kuna dawa ya matone. Lakini kilichokwenda hakirudi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Ungenizungushia chaki."

Bi Kasoro alilia, kwa kelele kiasi cha kumfanya kinyozi wa ng'ambo azime mashine yake asikilize. Dada alimwacha amalize. Halafu akamwambia ajifute, kwa sababu siku zote akilia huwa na sura mbaya, na hilo hakuhitaji macho kulijua.

Alirudi nyumbani akauandikia mtandao, na kwa desturi yake akaanza na ubaya: aliyetaja bei ni mwenye mali, ni dada yangu, na kosa ni langu kwa kuwa mnada ni wangu. Habari ya macho hakuitia, haikuwahusu. Hawakumfungia. Walimbandika alama nyekundu kwenye ukurasa wake, mahali ambapo kila mnunuzi angeiona kabla ya kuona kitu kingine. Alipewa nafasi ya kukata rufaa, akaiacha ipite. Mshona mikoba aliandikiwa ukweli uleule, akasema bei yake ya mwisho bado ni ileile kama cherehani nayo ni ileile.

Siku ya kuifunga alimchukua dada akae naye mezani. Dada alipitisha kidole juu ya maua ya dhahabu, polepole, mpaka kikakwama.

"Kumbe upo," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa kisirani."

Wakaizungushia magazeti, kisha blanketi kuukuu, kisha boksi, Bi Kasoro akalitikisa, halikusema neno. Bi Kasoro alikuwa akikata utepe kwa meno dada alipouliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na mimi ukiniweka mnadani, utaanza na kasoro gani?"

Bi Kasoro alilifikiria swali lile kwa dhati, maana hakujua namna nyingine ya kufikiri.

"Mdomo."

"Macho je?"

"Macho sikuyaona mimi."

Dada alicheka. Akainama, akaweka sikio kwenye boksi.

"Litikise tena," akasema. "Kuna kitu kinasema humo ndani."